Neno nililoliruka

Baba mdogo alinisomesha kwa teksi moja. Ni Toyota Starlet ya mwaka 1997, yenye volani upande wa kuume kama magari mengi yanayotufikia Bukavu kutoka Japani. Alininunulia madaftari, akanilipia minervali ya miaka miwili, na hakuwahi kunidai chochote isipokuwa nisome. Kwa hiyo aliponiita jioni moja ya mwezi wa kumi, akaniambia nikae karibu naye kwenye kibao, nilijua ni jambo kubwa.

Tatizo lilikuwa kilima. Wateja wake wengi hukaa juu, upande wa Bagira, na kipande cha mwisho cha njia ni udongo mtupu. Wakati wa kiangazi gari hupanda vizuri. Mvua ikianza, kwenye kona ya mwisho, gurudumu moja la mbele huanza kuzunguka bure na kurusha matope, huku lingine likisimama kama halihusiki. Hapo abiria hushuka, wanasukuma, viatu vinachafuka, na mmoja au wawili wanakataa kulipa. Siku nyingine baba mdogo alikuwa akirudi nyumbani na pesa ya essence tu.

Fundi wake alimweleza sababu, naye akanieleza mimi. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Ndiyo maana kati ya magurudumu mawili yanayovutwa na motere kuna diferansieli, meno ya chuma yanayoruhusu kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake. Baadaye nilisoma kwamba Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyeiwekea gari la mvuke miaka ya 1820. Ni kitu cha akili sana, lakini kina udhaifu mmoja: hugawa nguvu sawasawa pande zote mbili. Fikiria watu wawili waliobeba pipa kwa mti mabegani. Mmoja akilegea, hata mwenzake awe na nguvu za ng'ombe, pipa litaanguka. Vivyo hivyo gurudumu lililo kwenye matope likikosa pa kushika, hata lile lililo pakavu hupata nguvu ndogo ile ile. Gari linabaki pale pale.

Dawa ilikuwepo. Kuna diferansieli za aina nyingine, ambazo ndani yake kuna visahani vya chuma vilivyopangwa kama sahani kabatini. Dereva akikanyaga essence, visahani hubanwa, vinasuguana, na kulifanya gurudumu linalokimbia libebane na lile lililosimama. Wajerumani wa Auto Union walitumia diferansieli yenye kazi kama hiyo kwenye magari yao ya mashindano miaka ya 1930. Fundi alikuwa amesikia kwamba huko Kampala, mfanyabiashara mmoja wa vipuri alikuwa na moja iliyotoka kwenye Starlet ya kijana fulani wa Japani aliyependa mbio. Bei, dola 280.

Baba mdogo alitoa bahasha mfukoni. Niliitambua. Ilikuwa sehemu ya pili ya minervali yangu.

"Mwana, hii pesa iko yako," akasema. "Unikopeshe. Gari ikipanda bila kusukumwa, miezi mbili narudisha."

Mtu aliyekulea akikuomba mkopo wa pesa aliyoitafuta mwenyewe, utajibu nini? Nilisema ndiyo. Halafu akaongeza: "Na wewe ndiye utatusomea karatasi yake. Juu ya hiyo ulienda fakulte ya lugha."

Muuzaji alitutumia picha za karatasi hiyo kwa simu kabla kipuri hakijafika. Kurasa mbili, zimejaa alama za vidole vya mafuta, upande mmoja Kijapani, upande mwingine Kiingereza. Nilikaa nazo usiku mzima kwenye meza, na kamusi pembeni, nikijisikia mtu wa maana. Kwa mara ya kwanza watu wa nyumbani walikuwa wakingoja kitu nilichojifunza darasani.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii. Nilitafsiri vizuri habari za mafuta: kwenye gari kama letu diferansieli imo ndani ya bwati ya vitesi na hunywa mafuta yale yale, kwa hiyo lazima yawe yanayofaa visahani pia. Nilitafsiri vizuri habari ya kukizoesha chombo kipya: kuendesha polepole kwa kuchora namba 8, kupumzika chombo kipoe, kurudia, kisha kumwaga mafuta na kuweka mengine. Niliandika hata kwamba kwenye kona kali itasikika sauti ya kugonga, na kwamba si ugonjwa.

Makosa yangu yalikuwa mawili tu. La kwanza lilikuwa kwenye kichwa cha karatasi. Jina la chombo kwa Kiingereza lina neno la kuteleza, na mbele yake neno linalosema kwamba huko kuteleza kumewekewa mpaka. Nilijaribu kuliandika hivyo kwa Kiswahili, sentensi ikawa nzito. Nikatazama Kifaransa: wao huita autobloquant, yaani kinachojifunga chenyewe. Hilo nalo halikunisaidia. Basi nikaandika kwa herufi kubwa, na lilisomeka vizuri: CHOMBO CHA KUZUIA GARI KUTELEZA.

La pili lilikuwa mwishoni. Kulikuwa na onyo kwamba juu ya theluji na barafu magurudumu yote mawili yanaweza kuzunguka kwa pamoja na gari likaenda upande, kwa hiyo dereva akanyage taratibu. Nilicheka. Theluji Bukavu? Nikaandika: "Sehemu hii ni ya nchi za baridi, haituhusu." Nikalala.

Kazi ilichukua siku tatu. Fundi alishusha bwati, akaifungua, akahamisha ile gurudumu kubwa ya meno kwenye chombo kipya, akapima nafasi ya beringi kwa uvumilivu ambao sijauona hata kwa maprofesa. Kisha tukaenda kwenye uwanja wa mpira asubuhi na mapema, baba mdogo akachora namba 8 mara nyingi sana, watoto wakikimbia nyuma wakiimba kwamba mzee amepotea njia.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za furaha. Starlet ilipanda kilima kama mbuzi. Abiria walisikia ile sauti ya kugonga kwenye kona, wakauliza, naye akawajibu kwa fahari: "Hiyo ni chombo ya kuzuia gari kuteleza. Mutoto yangu njo alisoma karatasi yake." Bahasha ilianza kujaa tena.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua kubwa. Ndani kulikuwa na abiria wanne, mmoja wao mama anayeuza sambaza, na beseni lake miguuni. Zamani, siku kama hiyo, baba mdogo angewashusha chini ya kilima. Sasa alikuwa na chombo. Aliingia kwenye kona ya mwisho, akahisi gari linapunguza mwendo, akakanyaga essence hadi chini.

Magurudumu yote mawili yakaruka kwa pamoja. Alinieleza baadaye kwamba volani ilikuwa nyepesi mkononi, kama imeachana na gari. Pua ya Starlet ikaenda pembeni polepole, bila haraka yoyote, mpaka kwenye mfereji. Gari likalala ubavu. Wote walitoka wazima isipokuwa yule mama: kiganja chake kilivunjika, na sambaza zake zikaenda na maji.

Jioni fundi alituonyesha kilichotokea kwa kuburuta kipande cha sabuni juu ya meza yenye maji. Gurudumu linalozunguka bure haliwezi tena kushika njia, si mbele wala pembeni. Kabla ya chombo, moja lilikuwa likikimbia, lakini lile lililosimama, ambalo sote tulikuwa tukiliita vivu, ndilo lililokuwa likishikilia pua ya gari isiende mtaroni. Sasa tulikuwa tumelifunga kwa mwenzake. Udongo ulipokosa nguvu ya kuyabeba yote mawili, yaliondoka pamoja.

Nilikwenda kuichukua ile karatasi ya Kiingereza. Nikawasomea onyo lote, neno kwa neno. Badala ya theluji niliweka matope, na kila kitu kikawa kimeandikwa pale, hata kona, hata mguu wa dereva.

Baba mdogo hakupaza sauti. Aliniomba nimsomee pia kichwa cha karatasi. Nikamweleza lile neno la mpaka.

"Na ile neno," akauliza, "ulipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Darasani ningesema kwamba nilitafuta wepesi wa lugha, kwamba msomaji hupenda sentensi fupi. Lakini msomaji wangu alikuwa amekaa mbele yangu, na kiatu chake kina matope ya mtaroni. Aliniamini kuliko alivyoamini macho yake mwenyewe. Miaka ishirini alikuwa akikijua kile kilima, akijua siku ya kupanda na siku ya kushusha watu. Nilichomwandikia kwa herufi kubwa ndicho kilichomfanya aache kukijua.

Pesa iliyorudi kwenye bahasha ilikwenda hospitalini na kwa beseni jipya. Mimi sikufanya mtihani pamoja na wenzangu. Nilingoja sesioni ya pili. Kila Jumapili ya mwezi ule tulimtembelea yule mama. Mara ya kwanza alinitazama, akauliza kama ni mimi ndiye nilisoma ile karatasi. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi usome muzuri," akaendelea kuchambua mchele kwa mkono mmoja.

Chombo hakikutolewa. Fundi alisema si kibaya, kinataka tu matairi yenye meno na mguu mwepesi, na matairi ya mbele ya Starlet yalikuwa yamebaki laini kama kiganja. Yamebadilishwa. Siku za mvua kubwa baba mdogo hushusha tena abiria chini ya kilima, kisha hupanda peke yake, taratibu, karibu bila kukanyaga.

Karatasi mpya niliiandika kwa mkono, nayo imebandikwa ukutani garajini, karibu na makopo ya mafuta. Kichwa chake ni kirefu na kizito, na hakipendezi kusoma kwa sauti: CHOMBO CHA KUPUNGUZA KUTELEZA KWA GURUDUMU MOJA, YOTE MAWILI YAKITELEZA, HAKISAIDII. Fundi aliniuliza kama haiwezekani kukifupisha kidogo. Nikamwambia nimekwisha kujaribu.