Sahani ya Kwanza ya Beatles na Masikio ya Kwetu

Katika mambo yanayomshangaza mtu wa pwani aliyekuja kukaa Uingereza, hakuna lililonishughulisha zaidi kuliko namna watu wa hapa wanavyozihukumu nyimbo kongwe. Maana mzee aliyekwisha pita miaka sabini, mpole wa kauli, anayekupisha foleni kwa heshima zote, hugeuka wakili mkali mara tu ukimtajia Please Please Me, sahani ndefu ya kwanza ya kundi la Beatles, iliyotolewa tarehe 22 Machi 1963, na hatakuacha uende mpaka akueleze ni chapa ipi ya sahani hiyo iliyo ya haki na ipi iliyoharibiwa.

Habari za sahani yenyewe wanazijua kwa ghibu. Vijana wanne wa Liverpool waliingia katika studio za kampuni ya EMI, barabara ya Abbey Road jijini London, Jumatatu tarehe 11 Februari 1963, saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano kasorobo usiku walikuwa wamekwisha rekodi nyimbo kumi, ambazo ziliunganishwa na nne zilizokwisha toka katika sahani ndogo, zikatimia 14. George Martin, aliyewasimamia, alikuwa amewaza kwanza kwenda kuwarekodi katika klabu ya Cavern kule kwao, mbele ya watu waliozoea kuwachezea, na ingawa shauri hilo aliliacha, joto la ukumbi alilitaka lisikike. Ndiyo sababu sahani inafunguka kwa Paul McCartney kuhesabu moja hadi nne kabla ya magitaa kuingia. John Lennon siku ile alikuwa na mafua, koo limemkwaruza, kwa hiyo Twist and Shout, wimbo wa kupiga kelele, ukawekwa mwisho kabisa, usije ukammaliza sauti kabla ya kazi kwisha. Akauimba huku sauti inapasuka, na kupasuka huko ndiko kunakosifiwa hata leo. Sahani ikakaa kileleni mwa orodha ya mauzo ya Uingereza kwa wiki 30, na iliyokuja kuiondoa ikawa ni sahani ya pili ya kundi lilo hilo.

Sasa sikiliza wanavyobishana. Utepe wa studio ulikuwa na njia mbili tu, moja ya vyombo na moja ya waimbaji, na nia ilikuwa kuzichanganya ziwe mono, kwa kuwa nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa na kipaza sauti kimoja; walakini katika chapa ya sterio njia hizo zilitenganishwa, vyombo vikaenda kushoto na sauti za watu kulia. Nimekwisha jaribu mwenyewe kukizima kipaza cha kushoto: ngoma na besi zinatoweka, wanabaki waimbaji peke yao, na nyuma yao unasikia kwa mbali gitaa lililopenya katika maikrofoni zao. Wafuasi wa mono husema kwamba kuwatenga hivyo ni kuuvunja mwili wa wimbo, na wafuasi wa sterio hujibu kwamba ni kufunguliwa mlango wa studio. Kuna hata ubishi juu ya ubeti mmoja wa wimbo uliobeba jina la sahani, ambao katika chapa ya sterio Lennon anayakosea maneno kisha anakaribia kucheka: mmoja huita hilo dosari, mwingine hulisubiri kwa hamu kila asikilizapo. Na wako wanaozitafuta chapa za awali kabisa, zenye kibandiko cheusi chenye maandishi ya dhahabu cha Parlophone, ambazo za sterio ni adimu na huuzwa kwa maelfu ya pauni.

Hayo yote nayapokea kwa heshima. Nisilolikubali ni hukumu yao iliyoenea mno juu ya nyimbo sita ambazo Beatles hawakuzitunga. Wengi huzihesabu kuwa ni za kujazia, wakazikata maksi, kana kwamba wimbo wa kuazima hauna haki ya kupendwa. A Taste of Honey hasa huitupa nje bila huruma. Sikio lililolelewa na taarabu haliwezi kuhukumu hivyo. Taarabu ya Unguja ilianza kwa kuazima: Sultani Barghash alimpeleka mtu Kairo akajifunze vyombo, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kwa muda mrefu kiliziimba nyimbo za Kimisri kwa Kiarabu chake. Mombasa, Juma Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika maneno ya Kiswahili, na Zein l'Abdin akaghani tungo za malenga wengine, na hakuna aliyesema kwamba mwimbaji amepungukiwa kwa kuwa utungo si wake. Swali la kwetu ni je, amewafikia waliokaa mbele yake? Kwa kipimo hicho Twist and Shout ni mali ya Lennon kwa jasho lake, ijapokuwa Isley Brothers waliuimba kabla yake.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba watu hawa wa huku, pamoja na kuzidunisha nyimbo za kuazima, wanajua zilikotoka. Watakutajia Arthur Alexander, na wasichana wa Shirelles na wa Cookies, Wamarekani weusi waliozitoa kwanza, na mwaka wa kila mmoja, na kwa njia hiyo majina ambayo yangefunikwa na umaarufu wa Beatles yamesalimika.

Kwetu rai ya msikilizaji haiandikwi, hutembea kwa miguu. Katika ukumbi wa taarabu mwanamke huketi kimya na mtandio wake, beti zikipita moja baada ya moja, mpaka lifike fumbo ambalo analijua ni lake, ama ni la jirani yake. Hapo husimama, noti iko baina ya vidole viwili, akajongea taratibu kwa kufuata mdundo, na macho yote yakimfuata yeye badala ya mwimbaji, akamtunza mbele ya wote. Waliokuwapo wamekwisha fahamu neno limempata nani. Sijaona ufafanuzi wa wimbo ulio mfupi na mkali kuliko huo, na wale wazee wa London, kwa ujuzi wao wote wa vibandiko na tepu, hawana kitu cha kufanana nao. Lakini usiku ukisha kucha, hukumu ile imekwenda zake.

Kuna jambo linalonifanya nisiache kuzilinganisha pande hizi mbili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi, aliwarekodia Gramophone Company ya Uingereza, yenye nembo ya mbwa na pembe la santuri; na kampuni hiyo mwaka 1931 iliungana na Columbia ikawa EMI, ikafungua studio za Abbey Road mwaka ule ule. Sahani za Siti na sahani ya Beatles zimetoka ukoo mmoja. Ya vijana wa Liverpool tunaijua mpaka saa waliyoanza na mafua ya mwimbaji. Za Siti, zilizosikilizwa mikahawani na kujadiliwa mitaa mizima ya Ng'ambo kule Unguja, tusingejua hata robo ya tunayoyajua lau Shaaban Robert asingeuandika wasifu wake.

Na si Siti peke yake. Kampuni ya Decca ilipowakataa Beatles mwaka 1962 iliwachukua badala yao Brian Poole na Tremeloes, na Tremeloes hao hao mwaka 1968 wakaurekodi Helule Helule wa Daudi Kabaka wa Kenya. Mwingereza mpenda sahani atakusimulia hilo mara moja, ilhali kwetu wimbo wachezwa arusini bila mtu kuuliza nani aliyepiga gitaa. Kadhalika NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe walirekodi katika studio ya Radio Tanzania bendi nzima ikipiga pamoja, kama walivyofanya Beatles siku ile. Mashabiki wa bendi za Msondo na Sikinde wamebishana miaka na miaka kwa ufasaha usiopungua ule wa mono na sterio, lakini kwa midomo tu, nao wenye midomo hiyo wanaondoka duniani.

Basi, ndugu msomaji, ukienda likizo nyumbani na ukamkuta mjomba au shangazi mwenye kaseti kuukuu ama sahani za santuri, muombe azipige, umuulize nani anapiga fidla, nani anapiga gitaa, ubeti upi uliwaudhi watu na kwa nini, kisha uyaandike majibu yake pamoja na jina lake na mwaka, kwa kalamu isiyofutika, uyatie ndani ya bahasha ile ile ya sahani.