Saa tano kasoro kumi, na jua bado

Wakati wa kiangazi Helsinki na Tanga zinasoma saa moja. Ufini ikisogeza saa zake mbele mwishoni mwa Machi, inafika palepale tulipo sisi wa Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya Greenwich, na inakaa hapo mpaka mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo niliposhuka uwanja wa ndege mwanzoni mwa Juni 2016, kwa kozi ya wiki tano, sikugusa saa yangu ya mkononi. Mishale ilikuwa ya nyumbani. Jua ndilo lilikuwa la watu wengine.

Mswahili hahesabu saa hivihivi tu. Jua likishachomoza ndipo tunaanza: saa moja, saa mbili, mpaka kumi na mbili jioni linapozama, halafu tunaanza upya na usiku. Huku kwetu karibu na Ikweta hesabu inakubali mwaka mzima. Helsinki iko nyuzi 60 kaskazini. Siku zile ndefu jua linatoka saa kumi kasoro za usiku na kuzama saa tano kasoro dakika kumi, usiku vilevile. Ukisimama barabarani saa nne ya usiku, kivuli chako kimelala mbele yako kirefu, neno lenyewe "usiku" linakukwama kooni.

Ningeyachukulia haya kama vituko vya safari, nikapiga picha, yakaisha. Lakini mwaka ule Ramadhani iliangukia Juni.

Njaa yenyewe haikunisumbua sana. Hali ya hewa ni ya baridi, hutoki jasho, kiu haikukamati kama ya Tanga. Kazi ilikuwa usingizi. Unafuturu karibu saa tano, unaswali, unakula tena kidogo, unatazama dirisha, tayari kunapambazuka. Futari na daku zilikuwa mlo mmoja wenye mapumziko katikati. Pazia la chumba cha hosteli lilikuwa jembamba kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Bahati nzuri, vipindi vya chuo vilivyoandikwa saa nne vinaanza saa nne na robo, na robo hiyo ni utaratibu unaojulikana, si uchelewaji. Robo ile niliilala yote, nimeegemea ukuta wa korido.

Kuna tatizo jingine ambalo kitabuni nililisoma bila kulielewa. Isha inaingia wekundu wa machweo ukishapotea, na alfajiri inaingia weupe ukitokeza gizani. Sasa mwezi Juni jua la Helsinki halizami mbali, linajificha nyuzi sita na ushee tu chini ya upeo wa macho. Ule wekundu hauondoki, unatembea polepole kutoka kaskazini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki mpaka unageuka asubuhi. Giza la kutenganisha isha na alfajiri liko wapi? Hapo ndipo wanazuoni wanapokadiria, na wanapokadiria wanatofautiana. Msikitini nilikokuwa naswali kulikuwa na waliofunga kwa jua la pale, waliofuata saa za Makka, na waliofuata nchi za kusini zaidi ambako usiku ni usiku. Wote safu moja, bega kwa bega, wengine wameshafuturu na wengine bado.

Mama alikuwa na fatwa yake. "Si saa ni moja, mwanangu? Sisi tukifungua, na wewe fungua." Saa kumi na mbili na nusu akaiweka simu dirishani nisikie adhana ya mtaa wetu. Nilikuwa nimesimama Kauppatori, soko la pale bandarini, jua liko juu kama la saa tisa alasiri. Pembeni yangu watu wanakula njegere mbichi, wanazipasua maganda wakitembea kama sisi tunavyotafuna karanga. Zinauzwa kwa lita, kwa kopo, sawa na kisado chetu. Jamani, sikuwahi kuitamani njegere mbichi maishani mwangu kabla ya siku ile.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Msomali, aliyefanya biashara Mombasa kabla ya kuingia Ufini miaka ya 1990. Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, kizuri. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mimi nimechanganyikiwa na saa." Akacheka.

"Kijana, mimi nimefunga hapa Desemba. Saa tisa na robo alasiri tunafuturu, njaa haijabisha hodi hata. Nani alikataa wakati ule? Hakuna. Basi zile saa nilizopunguziwa, sasa ninazilipa."

Nikafuata jua la pale. Si kwamba waliofuata Makka walikosea, wana hoja zao na wengine walikuwa wagonjwa au madereva. Hesabu ya mzee ndiyo iliyoniingia. Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu saa tano kasoro kumi, sauti ya usingizi: "Nimebakiza tende moja. Haya, tule." Akaendelea hivyo kila usiku, na alfajiri anaamka kuuza vitumbua.

Ijumaa ya Juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, mji ulihama. Watu wanakimbilia vibanda vyao vya ziwani, tramu zinapita na viti vitupu. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mfini, mtu wa maneno kumi kwa siku, alinipeleka kisiwa cha Seurasaari kutazama mioto mikubwa inayowashwa kando ya maji. Ndimi za moto zilionekana hafifu, anga bado jeupe. Alikuwa na mfuko wa njegere mapajani, hajaugusa. Nikamwambia ale tu. Akatazama saa yake.

"Dakika kumi na mbili," akasema.

Tukakaa kimya kwenye mwamba. Simu ikaanza kuita mfukoni mwangu, akafungua mfuko.