Mchoro ni wako, ufunguo ni wa nani?

Leo naomba niweke siasa pembeni. Nataka tuongelee mafaili. Najua mtu akisikia neno hilo anakumbuka ofisi ya serikali na karani anayesema "njoo kesho, faili lako halionekani". Siyo hayo. Naongelea mafaili ya michoro: nembo ya kampuni yako, lebo ya bidhaa ya mama yako, kadi ya harusi ya dada yako. Ila ukiangalia vizuri utaona shida ni ile ile. Kitu ni chako, lakini huwezi kukigusa mpaka mtu mwingine apende.

Kwanza tuelewane. Picha ya kamera ni vitone vingi vya rangi vilivyopangwa kama shanga. Ukiikuza sana, vitone vinaanza kuonekana na sura ya mtu inageuka mkeka. Mchoro wa vekta hauna vitone. Ndani yake kuna maelekezo tu: anzia hapa, pinda hivi, fika pale, jaza rangi nyekundu. Kompyuta inachora upya kila mara kwa ukubwa unaoutaka. Ndiyo maana nembo moja inakaa vizuri kwenye kadi ya mfukoni na kwenye bango la barabarani. Na ndiyo maana mchapaji anakuambia: "Hii ya WhatsApp haifai kaka, niletee vekta."

Haya, unaitafuta vekta, unaipata. Halafu unagundua kompyuta yako haiwezi kuifungua.

Mfalme wa kazi hii ni Adobe Illustrator, iliyotoka mwaka 1987. Mafaili yake yanaishia na herufi AI. Zamani uliinunua mara moja ikawa yako. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba matoleo mapya ni ya kukodi tu. Kwa Illustrator peke yake kodi ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Piga hesabu ya mwaka, kisha mfikirie kijana anayechora kadi za harusi Sinza. Siku akishindwa kulipa, mafaili anabaki nayo, lakini kalamu inachukuliwa.

Sasa wengi wetu tunafanyaje? Tusidanganyane. Tunakwenda kwa fundi anatuwekea ya wizi. Na ile ya wizi sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi. Mtu akikuambia zima taa ndiyo niingie ndani kwako, utamkaribisha? Kwenye kompyuta tunamkaribisha kila siku, halafu tunashangaa nywila zimekwenda wapi.

Shangazi yangu na wenzake saba wana kikundi cha kutengeneza siagi ya karanga. Mtaji walikopa kwenye kikoba chao wenyewe. Lebo yao alichora kijana mmoja hodari kweli, ambaye baadaye alihama mji na namba yake haipatikani. Mwaka huo wakapata mnunuzi mkubwa, duka lenye matawi. Masharti: lebo ionyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi na iwe na msimbomilia. Wakapewa wiki moja. Shangazi akapeleka flashi kwa dizaina mwingine, akaambiwa lebo ianze kuchorwa upya kwa bei ambayo ingemeza faida ya chupa zote za oda ile. Jioni akanipigia. "Mwanangu, wewe si unashinda kwenye kompyuta? Hebu njoo uone."

Nikajibu shikamoo shangazi, nakuja.

Kwenye flashi mlikuwa na mafaili mawili, moja la AI na lingine la CDR, yaani la CorelDRAW, programu ya Wakanada ambayo nimeikuta kwenye maduka mengi ya uchapaji hapa mjini. Mimi kwenye laptopu yangu nina Inkscape. Ni ya bure, bure ya kweli. Ilizaliwa mwaka 2003 kutoka kwenye programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, inatengenezwa na watu wa kujitolea, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2020. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Nikafungua lile la AI. Ukurasa ukaja mweupe na maneno ya Kiingereza yakisema faili limehifadhiwa bila sehemu ya PDF. Hapa kuna siri ambayo kila mtu anapaswa kuijua. Faili la AI la kawaida linabeba nakala mbili: ya Illustrator yenyewe, na ya PDF ambayo programu nyingine zinaweza kuisoma. Anayehifadhi akiondoa alama kwenye kiboksi kimoja tu, nakala ya pili haiwekwi. Faili linakuwa dogo, na wewe uliyelilipia unabaki nje ya mlango.

Lile la CDR likafunguka. Tangu toleo la mwaka 2015 Inkscape inasoma mafaili ya Corel, ingawa siyo yote na siyo kila kitu. Kivuli nyuma ya jina kilipotea. Lakini herufi za jina zilikuwa zimekwishageuzwa kuwa mistari, kwa hiyo hazikuhitaji fonti ya yule kijana, zikakaa kama zilivyo. Nikaandika tarehe kwa fonti ya bure. Msimbomilia Inkscape inauchora yenyewe ukiipa namba, ila namba huitungi wewe. Kwa hapa Tanzania inatolewa na GS1 na inaanza na 620. Kina shangazi walikuwa nayo tayari.

Lebo zikachapwa siku mbili kabla ya wiki kuisha. Kahawia yake ilitoka nzito kidogo kuliko ya zamani, maana rangi za kioo cha kompyuta na za wino wa mashine ni vitu viwili tofauti, na kwenye hilo Inkscape siyo hodari. Shangazi aliishika chupa akaigeuza geuza. "Wanakula karanga," akasema, "hawali rangi."

Sasa msidhani yaliyompata shangazi ni ya watu wadogo tu. Kulikuwa na programu iitwayo FreeHand, iliyopendwa sana na wachoraji wa magazeti na matangazo huko Marekani na Ulaya. Mwaka 2005 Adobe waliinunua kampuni ya Macromedia iliyokuwa ikiimiliki. Mwaka 2007 wakasema hawataiendeleza tena. Watu wenye kazi za miaka kumi na zaidi kwenye mafaili yale wakabaki wanatazamana. Walioumia waliunda umoja, mwaka 2011 wakaenda mahakamani Marekani, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. FreeHand haikufufuka. Unajua nani baadaye aliweza kuyafungua mafaili yale? LibreOffice, programu ya bure, kwa sababu kuna watu walikaa wakayachambua mpaka wakaelewa yalivyoandikwa.

LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 vijana wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo tusiseme programu huria ni mambo ya Wazungu. Tumeshatia mkono humo.

Basi ukiniuliza leo uanze na nini, nitakujibu hivi. Kama una kompyuta ya kawaida, anza na Inkscape. Kama unataka kitu chepesi cha kurekebisha maneno kwenye PDF, jaribu Draw iliyomo ndani ya LibreOffice. Kama una Windows au Mac yenye nguvu, kuna Affinity ya Waingereza wa Serif. Ilipoanza mwaka 2014 iliuzwa dola 50 kwa mara moja, Canva waliinunua kampuni mwaka 2024, na Oktoba 2025 ikawa ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni nzuri sana. Lakini kumbuka bure hiyo ni ya mwenye nyumba. Ameamua mwenyewe, na siku moja anaweza kuamua vingine. Bure ya Inkscape imeandikwa kwenye leseni, hakuna wa kuibatilisha kwa toleo ambalo unalo tayari.

Lakini programu ya bei nafuu ni nusu tu ya dawa. Nusu nyingine iko mdomoni mwako siku unapomlipa dizaina. Usikubali picha tu. Mwambie akupe vitu vitatu: faili lenyewe la kazi, PDF ambayo herufi zake zimegeuzwa mistari, na SVG. SVG ni umbo la wazi, limepitishwa na W3C tangu mwaka 2001, na ndani yake ni maandishi matupu. Lifungue hata kwa Notepad uone. Utakuta rangi imeandikwa kwa alama zake, ukibadilisha alama rangi inabadilika. Hakuna kampuni inayoweza kukufungia kitu ambacho hata Notepad inakisoma.

Dizaina akikunja uso, mwambie kwa upole kwamba ufundi wake unauheshimu, na ndiyo maana umemlipa. Kisha nakala zihifadhi sehemu mbili, moja isiwe kwenye flashi ile ile inayozunguka mtaani. Shangazi zake sasa ziko kwenye barua pepe ya kikundi, na nywila yake wanaijua watu watatu.