Nuru ya Juu na Tope la Chini

Mwalimu wangu ametangulia mbele ya haki, nami nimekwisha kustaafu. Kwa hiyo nimeona ni faradhi kuyaandika aliyoyashikilia, maana warithi wa kazi yake wanayapuuza.

Nilizaliwa Lamu, nikahitimu Kurani kwa babu yangu, nikasoma skuli, hata riziki ikanifikisha Naivasha, ziwa la maji matamu ambalo halina mto utokao juu ya ardhi, nikaajiriwa kupima maji chini ya mwalimu huyo.

Chombo chetu kilikuwa sahani ya kupimia uangavu wa maji, aliyoianzisha padri Mtaliani Angelo Secchi mwaka 1865. Mwalimu hakuishusha ila upande wa kivuli wa mashua, jua likikaribia utosi. Akiandika kina ilipopotea machoni, kisha akiipandisha na kuandika kina ilipoonekana tena, na wastani wa viwili hivyo ndio kipimo. Baada ya hapo alizamisha bomba, akaleta tope la chini na kulifikicha vidoleni.

Mkubwa mmoja aliyetujia baadaye aliamuru bomba liachwe, akidai kwamba mimea ya majini haihitaji ila nuru. Mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba nuru ni sharti, lakini mizizi hupata fosforasi na naitrojeni katika tope. Kwamba mchanga mtupu ni fukara, na tope lililojaa majani yaliyooza halina hewa. Na kwamba tope jepesi halishiki mizizi, bali upepo ukivuma hutimka likayatia maji kiza, kisha likatua juu ya majani na kuyafunika, hata mmea ukakosa nuru siku ambayo maji yametakata na sahani yaonekana mbali. Hakusikilizwa, na mpaka leo nashuhudia kwamba haki ilikuwa yake.

Kamba wa Marekani aliyeingizwa ziwani mwaka 1970 naye alitwikwa lawama yote mimea ya chini ya maji ilipotoweka. Ni kweli aliila; lakini mimea hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyavunja mawimbi na kulituliza tope, na ikiondoka, kiza huzaa kiza.

Enyi vijana, atakaye kuirejesha mimea na aanzie mlangoni mwa mto Malewa, ayaache mafunjo yauchuje udongo wa mashambani kabla haujaingia ziwani. Na kila aandikapo kina cha sahani, aandike ubavuni pake hali ya tope, kwani daftari lenye nuru pekee ni nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi haihukumu.