Kabla ya Mizani

Hapa Dunda, Bagamoyo, nilijulikana kama mnunuzi wa fedha kuukuu. Vikuku, bangili, mirashi, riale za Maria Theresa ambazo zote zina mwaka 1780 hata kama ziligongwa karne moja baadaye: nilivipokea kwa gramu, nikavipeleka Dar es Salaam kwa masonara vikayeyushwe. Riale moja ina gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake, 833 ni fedha tupu. Kwa hesabu hiyo nilipigia bei kila kitu kilichofika mezani pangu. Vikombe sikuvitazama mara mbili. Mimi ni Mwislamu, na kwetu kunywea chombo cha fedha ni marufuku. Kikombe kingetoa bangili kadhaa, basi.

Kilichonibadilisha ni ubishi wa bibi mmoja. Ukoo wake unatoka kijiji cha misheni, walikokaa watu waliokombolewa utumwani baada ya mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, kufungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868. Alikuja na kikombe kisicho na mkono, kimebonyea ubavu. Nikakipima, nikataja bei.

"Bei nimeisikia, mwanangu. Sasa niambie huyu ni nani."

Kidole chake kilikuwa juu ya alama ndogo: kichwa cha mtu aliyevaa kofia ya vita.

"Ni alama ya mafundi tu, bibi."

"Basi ukimjua, nitauza." Akakifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake.

Nilianza kutafuta kwa ajili ya biashara tu, mzigo usinipotee. Nikaazima lenzi kwa fundi saa, nikasoma. Yule ni Minerva, mungu wa kike wa Warumi wa kale; Ufaransa imekuwa ikigonga kichwa chake kwenye vyombo vya fedha tangu mwaka 1838. Kwenye vyombo vya zamani, ukiona namba 1 karibu na uso wake, fedha ni sehemu 950 katika 1,000. Namba 2 ni 800. Fundi naye hugonga herufi zake ndani ya umbo la uru, kama lile la karata. Herufi zikiwa ndani ya mraba, chombo kimepakwa fedha juu juu tu.

Jambo moja lilinikalia zaidi. Kuanzia mwaka 1840, vyombo vya kuuzwa nje vilipewa kichwa kingine, cha Mercury, mungu mwingine wa Warumi. Chenye Minerva kilitengenezwa kinunuliwe Ufaransa kwenyewe. Kwa hiyo kikombe kile yaelekea hakikufika pwani katika shehena ya tajiri; kilikuja na mtu, ndani ya mizigo yake. Na Wafaransa wana desturi ya kumtunza mtoto kikombe cha namna hiyo anapobatizwa, jina lake likachorwa ubavuni.

Nikampelekea bibi majibu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kikombe nikitazame kwa lenzi, akauliza namba.

"Ni moja, bibi."

Akacheka. "Na wewe ulitaka kukinunua kwa hesabu ya riale!"

Hakuuza.

Tangu hapo mizani kwangu huja mwisho. Mtu akileta kitu, nakigeuza mbele yake, namsomea alama, namwambia maana yake, ndipo tuzungumze bei. Daftarini naandika kilikuwa cha nani na kilifikaje kwake. Vingine nasoma, napiga picha, na mwenyewe anarudi navyo nyumbani. Vikombe ninavyovinunua siviyeyushi. Mgeni akitaka kusafiri na kitu cha kale namkumbusha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kuna vitu havitoki nchini bila kibali. Masonara wananiuliza kama nimeugua, maana mzigo umepungua. Kweli umepungua, na kipato cha haraka nacho. Ila sasa watu wanakuja hata wasiokuwa na nia ya kuuza, na kwao ndiko nilikojifunza mengi.

Kwa hiyo wewe mwenye kitu cha fedha sandukuni, ukifika kwa mnunuzi, mwonyeshe alama kwanza. Akishindwa kuisoma, bei yake usiisikilize.