Tulipoisubiri Atomu

Miaka ya themanini usiku wa Mugumu, wilayani Serengeti, ulikuwa wa koroboi. Mama alitoboa kifuniko cha kopo la maziwa, akapitisha utambi wa tambara, na watoto wote tuliokuwa shuleni tukabanana kwenye mwanga huo mmoja. Asubuhi ukipenga kamasi, masizi matupu. Betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni tu. Mashine ya kusaga ya dizeli ikiharibika, wanawake walijitwika mtama na muhogo hadi kijiji cha pili.

Katika hali hiyo mwalimu wetu wa fizikia alichora kiini cha atomu ubaoni. Alitueleza kwamba kilo moja ya urani, ikipasuliwa yote, hutoa joto sawa na maelfu ya tani za makaa ya mawe. Alisema Tanzania nayo itafika huko na sisi ndio tutakaoendesha mitambo yenyewe. Hakuwa akitania. Wavulana wa kabila la wafugaji, wenye madaftari yanayonuka moshi, walitoka darasani siku hiyo wakijiita wahandisi.

Mwaka 1986 redio ikatangaza Chernobyl. Hofu iliingia, lakini mchoro haukufutwa ubaoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kilichotokea kule: mtambo ulikuwa na kasoro ambayo wakubwa waliijua, na wafanyakazi wa zamu hawakuwa wameelezwa. Siri ndiyo iliyoniogopesha kuliko moto.

Sayansi hiyo haikutupita kabisa. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1976, na tuna Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mbung'o wa Unguja. Katikati ya miaka ya tisini, madume yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yaliachiwa kutoka kwenye ndege, majike yakapandwa bila kuzaa, na kufikia 1997 kisiwa kikawa hakina mbung'o. Mtu wa Serengeti anajua uzito wa habari hiyo. Kwetu hadi leo mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi inaning'inia porini kuelekea Fort Ikoma, na mfugaji akiona ng'ombe amesimamisha manyoya, mbavu nje, machozi yakimtiririka, hahitaji kuambiwa ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Unguja imezungukwa na bahari, mbung'o hana pa kurudia. Sisi tumepakana na hifadhi, kwa hiyo dawa ile ile haitoshi. Hata atomu hutegemea mahali inapotumika.

Sasa nguzo za umeme zimefika. Kwa shilingi 27,000 familia ya kijijini iliunganishiwa umeme chini ya mradi wa nishati vijijini, jambo ambalo baba yangu asingeliamini. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilikamilika 2025, mashine tisa, megawati 2,115, zaidi ya mahitaji ya juu ya nchi nzima kwa wakati ule. Hata hivyo, upande wa Tarime nilimkuta kijana wa kuchomelea amekaa juu ya mageti ambayo hajayamaliza, anaitazama taa iliyofifia ikawa nyekundu. "Mzee, umeme upo," aliniambia, "ila hauna nguvu." Machi mwaka huo huo Rais Samia alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme kutoka Ethiopia, kwa kuwa ule wa kwetu hupotea mwingi njiani.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa anayeuliza kama Tanzania ijenge mtambo wa nyuklia. Wataalamu wa gridi hupendekeza mtambo mmoja usizidi takribani asilimia kumi ya gridi nzima, maana ukizimika ghafla huangusha na mingine. Mtambo wa kawaida wa nyuklia ni megawati 1,000. Kwa gridi ya ukubwa wa kwetu, na nyaya za namna ile, kuujenga leo ni kununua deni na giza kwa pamoja. Afrika Kusini wanao mtambo wa Koeberg tangu 1984, lakini walikuwa na gridi kubwa kwanza.

Na kuna jambo zito kuliko nyaya. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi wa dhahabu Nyamongo yakaingia mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Machi 2022 maji ya Mto Mara yenyewe yaligeuka meusi, samaki wakaelea, na kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Wengi waliokunywa maji hayo miaka yote pamoja na ng'ombe wao hawakuridhika na maelezo hayo. Mabaki ya nyuklia hulindwa kwa maelfu ya miaka. Nchi ambayo wananchi wake hawaamini taarifa ya mto mmoja inapaswa kujenga imani hiyo kabla ya kumwaga zege.

Nasema haya nikiwa bado naipenda fizikia. Kinachonisikitisha ni kwamba giza la zamani lilikuwa na walimu wenye kiu ya atomu, na leo kuna shule zenye taa lakini somo hilo halina mwalimu. Kule Namtumbo, kusini mwa nchi, mradi wa kuchimba urani umeanza, na vijana wa kuipima mionzi wanatakiwa sasa.

Tena hatutaachwa tuchague peke yetu. Baada ya wananchi wa Uyombo, Kilifi, kukataa mtambo wa nyuklia, Kenya imegeuzia macho Siaya, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria. Ni ziwa lile lile la Musoma na la Rorya, kwetu mkoani Mara. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi Kisumu, na Tanzania ina kiti pale. Wabunge wa Mara waombe mradi huo ujadiliwe kwenye kamisheni mapema, ripoti za athari zitolewe kwa Kiswahili, na wavuvi wetu wasikilizwe kabla mkataba haujasainiwa.