Dick Morley na Mchoro wa Ngazi

Mpwa wangu,

Huku Massachusetts theluji bado haijaamua kuondoka. Tunaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi kukiwa giza totoro, na mwenye gari anaamka mapema zaidi akwangue barafu kwenye kioo. Mengine ni kazi na bili, unayajua.

Umeniuliza kama usome PLC, yaani vidhibiti vya mashine vinavyopangwa kwa programu, hapo chuoni DIT, au uziruke uende moja kwa moja kwenye akili mnemba. Kabla sijakujibu, nikusimulie habari za mtu wa huku huku, Dick Morley. Alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Clinton, si mbali na ninapoishi. Alisoma fizikia MIT akaondoka bila shahada (hilo usimwambie mama yako).

Morley na wenzake walikuwa na kampuni ndogo, Bedford Associates, iliyowasanifia wateja mifumo ya kuendesha mashine. Kila mteja akija, kazi inaanza upya, ingawa inafanana na ya jana. Jambo hilo lilimchosha. Siku ya Mwaka Mpya wa 1968 akaketi akaandika waraka kuhusu kifaa kimoja ambacho ungekibadilishia kazi kwa programu tu, ndiyo PLC yenyewe. Mwaka huohuo Hydra-Matic, kitengo cha giaboksi cha General Motors, nacho kilikuwa kikitafuta dawa ya rilei. Enzi hizo mashine za viwandani ziliendeshwa kwa rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme, mamia kwa mamia ndani ya makabati ya chuma. Toleo jipya la gari likija, mafundi wanang'oa nyaya na kuzifunga upya. Rilei moja ikiharibika, kazi inasimama mpaka ipatikane ni ipi.

Kompyuta zilikuwepo, ila zilitaka chumba safi chenye kiyoyozi na mtaalamu wa kuzibembeleza. Kifaa chao, Modicon 084, kilichopewa namba hiyo kwa kuwa kilikuwa kazi ya 84 ya kampuni, hakikuwekewa hata feni, ili uchafu wa kiwandani usivutwe ndani. Hilo ni zuri, lakini ninaloliheshimu zaidi ni jingine. Programu yake ilichorwa kama ngazi: nguzo mbili za umeme, katikati vidato, na kwenye kila kidato swichi na koili. Ni mchoro uleule wa rilei ambao mafundi umeme wa viwanda vya magari walikuwa wakiusoma miaka yote. Hakuna aliyeambiwa arudi shule ndipo aguse mashine yake mwenyewe.

Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi huku, wenye slaidi za kupendeza kuhusu kiwanda erevu. Wachache mno huanza kwa kuuliza fundi wa zamu ya usiku anasoma nini.

Wala usidhani Morley aliogopa mambo mapya. Baadaye alifanya kazi na kiwanda cha malori cha General Motors huko Fort Wayne, Indiana, palipokuwa na shida ya vibanda vya rangi. Kubadilisha rangi kunapoteza muda, na rangi yenyewe inamwagwa. Badala ya kompyuta moja kubwa kupanga ratiba yote, aliviacha vibanda vishindane kama kwenye mnada. Lori la kupakwa nyeupe likifika, kibanda ambacho tayari kina nyeupe kinatoa dau kubwa. Chenye rangi nyingine, au chenye foleni, kinajivuta. Programu ilikuwa fupi na ilifanya kazi. Morley alifariki mwaka 2017.

Basi jibu langu: soma PLC kwanza. Akili mnemba ya kiwandani haioni kitu isipokuwa kilichopita kwenye sensa, na ikiamua jambo, mara nyingi PLC ndiyo inayofungua vali. Soma na Modbus pia, lugha ambayo vifaa hivi huwasiliana kwayo. Kampuni ya Modicon, ya ile 084, iliitoa mwaka 1979, na hadi leo utaikuta kwenye mita, jenereta na inveta za sola hapo hapo Dar.

Nimempa jirani yangu anayesafiri kuja huko mwezi ujao akuletee PLC kuukuu iliyotolewa stoo kazini kwetu, kwa ruhusa. Ni ya volti 24, umeme mnyoofu. Tafuta pawa saplai yake Kariakoo kabla hujaigusa. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya Tanesco, usinipigie simu.

Mjomba wako